Milimita Nne Nukta Saba

Kubadilisha pedi za breki za mbele kwenye Subaru Impreza ni kazi ya saa moja, na mwanagenzi aliyekaa gereji mwaka mmoja anaiweza. Kuamua kama pedi hizo zitolewe au zibaki ni kazi nyingine kabisa. Haina kelele, haiandikwi kwenye risiti, na ikifanywa vizuri huchukua muda mrefu kuliko kubadilisha kwenyewe. Niliitazama ikifanyika katika gereji moja ya Industrial Area, Nairobi, mikononi mwa mtu wa makamo ambaye asubuhi nzima hakuna aliyemtaja kwa jina. Wote walimwita Fundi.

Mwenye gari, kijana ambaye hajafika miaka thelathini, alikuwa akijiandaa kwa siku ya sakiti. Hayo si mashindano. Wenye magari hulipa ada, barabara ya mzunguko hufungwa, na kila mmoja huliendesha gari lake la kila siku kwa kasi ambayo askari wa trafiki hawezi kuifumbia macho. Huzunguka kwa vipindi vya dakika 15 au 20, kisha hutoka kulipoza gari na kusubiri zamu nyingine. Kijana alikuwa amejiandikisha kwa vipindi vitano siku ya Jumamosi. Ombi lake lilikuwa fupi: "Fundi, niangalizie breki kama ziko sawa. Hazipigi kelele, na zinashika vizuri."

Fundi hakusema ziko sawa wala haziko sawa. Aliuliza. Kwenye mstari mrefu wa ile sakiti unafika kasi ngapi? Kona ya mwisho wa mstari unaiingia na ngapi? Kuna kona ngapi za kushika breki kwa nguvu? Utaenda na gari hili na kurudi nalo, au litabebwa? Kijana akajibu: mia na arobaini, sabini, nne, nitaenda nalo na kurudi nalo. Fundi akaandika majibu yote kwenye daftari lenye jalada la karatasi ngumu, akachora mstari chini yake, ndipo akamwita mwanagenzi alete jeki.

Zile namba mbili za kwanza zilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kushuka kutoka kilomita 140 kwa saa hadi 70 kunatoa nishati mara tatu ya kushuka kutoka 70 hadi kusimama kabisa. Yote hiyo lazima iwe joto, na sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye diski na pedi za mbele, kwa sababu breki zikishikwa uzito wa gari huinamia mbele. Kwa gari la kilo 1,400, mpunguo mmoja wa namna hiyo una joto la kuchemsha karibu lita mbili na nusu za maji ya chai, kuanzia ubaridi wa bomba la Nairobi. Baada ya hapo inakuja kona ya pili, na kwenye sakiti fupi breki hazipati hata nusu dakika ya kupumua. Barabarani mtu hukanyaga hivyo mara moja kwa wiki, mbuzi akikatiza njia. Jumamosi kijana angekanyaga hivyo mara nne kila mzunguko.

Kabla gari halijainuliwa, nati za magurudumu zililegezwa robo mzunguko magurudumu yakiwa bado yamekanyaga chini. Mwanagenzi akapiga jeki, akaweka stendi mbili, na Fundi akalisukuma gari kwa bega mara mbili kuhakikisha limekaa. Ndipo magurudumu ya mbele yakatoka. Yalilazwa chini ya ubavu wa gari, ili stendi zikiteleza gari liangukie gurudumu na si mtu. Hakuna aliyesema lolote kuhusu hilo. Ni desturi ya pale.

Fundi alikaa kwenye kigoda kidogo mbele ya gurudumu la kulia na kwa muda hakugusa kitu. Alitazama diski kwanza. Rangi ya kijivu iliyoenea sawasawa ni dalili njema. Madoa ya buluu yangesema kwamba chuma kiliwahi kupata joto kupita kiasi. Alipitisha ukucha kutoka katikati kwenda ukingoni kusikia mifereji, akapata midogo tu, isiyonasa ukucha. Akaizungusha diski polepole akitafuta nyufa. Vijiufa vyembamba juu ya uso vinavumilika kwenye diski iliyofanya kazi, lakini ufa uliofika ukingoni unamaanisha diski imekwisha. Hapakuwa na ufa.

Halafu akatoa maikromita kwenye kisanduku chake cha mbao. Diski ya mbele ya gari hili ikiwa mpya ina unene wa milimita 24, na mtengenezaji ameweka mwisho wake kuwa 22. Ukingoni mwa diski yoyote iliyotumika hubaki tuta jembamba ambalo pedi hailigusi, na anayepima hapo hupata namba ya uongo inayompendeza. Fundi alipima ndani kidogo ya tuta, sehemu nane kuzunguka duara, na kila namba aliitamka kwa sauti ili mwanagenzi aiandike. 23.2. 23.2. 23.1. Namba ya nane ilikuwa sawa na ya kwanza, naye akatikisa kichwa kuridhika. Diski yenye unene usiolingana hutetemesha kanyagio, na pedi mpya haiwezi kuiponya.

Niliuliza kwa nini anaanza na diski wakati aliombwa pedi. Alijibu bila kuinua macho: "Pedi inafanya kazi na mwenzake. Ukimpima mmoja umepima nusu."

Breki za diski zilijenga sifa yake hasa kwa kustahimili joto la mbio. Mwaka 1953 gari la Jaguar C-Type lenye breki za diski za Dunlop lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, likiwaacha nyuma wapinzani waliokuwa wakitumia breki za dramu. Dramu hufungia joto ndani yake. Diski iko wazi kwa upepo, na ile ya mbele ya Impreza ina nafasi katikati ya kuta zake mbili inayovuta hewa kutoka kitovuni na kuitupa nje. Fundi alichungulia nafasi hizo kwa tochi, akachokoa kwa waya tope lililokauka katika tatu au nne kati yake. Nafasi iliyoziba haipozi kitu.

Sasa ikaja kalipa, kibanio kinachozibana pedi juu ya diski. Kuna njia ya haraka ya kutazama pedi: unachungulia kwenye dirisha la kalipa, unaona pedi ya nje, unakisia. Kijana alikuwa amefanya hivyo nyumbani, na kwa aliyoyaona hakukosea. Pedi ya nje ilionekana na uhai wa kutosha. Fundi hachungulii. Kwa spana namba 14 alifungua boliti ya chini, akaiinua kalipa, akaifunga kwa waya kwenye springi ya gari isije ikaning'inia kwenye hosi yake ya mpira. Vumbi jeusi lililojaa mle hakulipuliza kwa upepo wa kompresa. Alilinyunyizia maji ya sabuni na kulisugua kwa brashi hadi likateremka kwenye beseni. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 pedi za breki zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake liliua mafundi polepole kupitia mapafu. Pedi za leo kwa kawaida hazina asbesto, ila vumbi la breki bado si kitu cha kuvuta puani, na adabu ya kulilowesha imebaki kwa wenye akili.

Pedi zikatoka, moja ya nje na moja ya ndani, na kila moja ikawekwa juu ya gazeti mahali pake: kulia nje, kulia ndani. Gurudumu la kushoto likafunguliwa vivyo hivyo. Pedi nne zikawa zimepangwa kama zilivyokaa kwenye gari, na hakuna iliyoruhusiwa kuhama.

Kupima pedi kunahitaji kujua unapima nini. Pedi ni vitu viwili vilivyogandishwa pamoja: bamba la chuma mgongoni, na mbele yake nyenzo ya msuguano, ambayo ndiyo inayoliwa. Bamba peke yake lina milimita tano au zaidi, na mtu akilihesabu bamba atajiona tajiri wakati amefilisika. Fundi alisafisha kila pedi kwa msasa laini pembeni, mpaka mstari kati ya bamba na nyenzo ukaonekana wazi, akatumia ulimi wa vernia kupima kutoka mstari huo hadi usoni. Hakupima katikati tu. Alipima ncha ya juu na ncha ya chini ya kila pedi, mara mbili, na vipimo vilipotofautiana alipima mara ya tatu.

Daftari likasoma hivi. Kushoto nje, 6.5 na 6.4. Kushoto ndani, 6.2 na 6.0. Kulia nje, 6.8 na 6.6. Kulia ndani, 5.4 na 4.7.

Akaliweka daftari chini na kukaa kimya kwa muda. Kijana aliinama, akasoma, akasema kwa sauti ya mtu anayejitetea, "Lakini si mwisho ni milimita tatu?"

"Mwisho wa Thika Road ni tatu," Fundi akasema. "Mwisho wa Jumamosi bado sijaujua. Ngoja."

Aliyokuwa akiyasubiri yalikuwa mambo mawili, na alianza na lile ambalo mtu mwingine asingelitazama. Pedi ya kulia ndani ilikuwa nyembamba kuliko wenzake, na tena ncha yake moja ilikuwa imelika kuliko nyingine. Pedi hailiki upande bila sababu. Kalipa ya gari hili huteleza juu ya pini mbili: pistoni zikisukuma pedi ya ndani, mwili wa kalipa hurudi nyuma na kuivuta pedi ya nje. Pini ikikwama, pedi ya ndani hubeba kazi ya wawili, na huibeba kwa upande. Fundi alishika pini ya juu kwa vidole viwili, ikaingia na kutoka laini. Alipofika ya chini ilibidi aizungushe kwa spana ndipo itoke, na ilitoka kavu, ikiwa na ganda la kahawia mahali palipokuwa na grisi. Kifuko chake cha mpira kilikuwa na tundu dogo lililoingiza maji.

Aliipangusa pini, akaisugua kwa msasa namba kubwa hadi ikang'aa, akasafisha tundu lake kwa kitambaa kilichoviringwa kwenye bisibisi, akabadilisha kifuko, akapaka grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mahindi. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira, alimwambia mwanagenzi, na mpira ukivimba pini inakwama tena. Aliisukuma pini ndani na kuivuta nje mara kadhaa akisikiliza. Kama angebadilisha pedi bila kuigusa pini hii, pedi mpya ingeanza kulika upande tangu kona ya kwanza, na kijana angerudi kulalamika kwamba aliuziwa pedi mbovu.

Jambo la pili lilikuwa hali ya nyenzo yenyewe. Unene hausemi yote. Fundi aligeuza kila pedi kwenye mwanga wa mlango, akauinamisha uso wake huku na huku. Pedi iliyopata joto kuliko uwezo wake huwa na uso uliolainika na kung'aa, nayo huteleza juu ya diski badala ya kuishika. Hizi zilikuwa na kivuli kidogo cha mng'ao kwenye ncha ile nyembamba. Alibonyeza kingo kwa ukucha kuona kama zinamomonyoka, hazikumomonyoka. Akatafuta ufa kati ya nyenzo na bamba, ambao ungemfanya aitupe pedi hata kama ingekuwa na milimita kumi, na hakuuona. Mwisho akatazama migongo. Rangi nyeusi ya bamba la kulia ndani ilikuwa imeungua kidogo na kuelekea kijivu. Joto lilikuwa limeshaanza kupita.

Hapo ndipo alipoanza kuhesabu, na alihesabu kwa sauti ili kijana asikie. Pedi za barabarani kwenye gari zito namna hii, alisema, yeye huzipa milimita mbili kwa siku ya sakiti ikiwa dereva ni mtulivu, na tatu akiwa hajatulia. Alimtazama kijana, akaandika tatu. Nne nukta saba kutoa tatu ni moja nukta saba. Hiyo iko chini ya mwisho wa barabara, na kijana bado ana safari ya kurudi nyumbani jioni.

Na hesabu hiyo, akaendelea, ni ya upole. Pedi haiishi kwa mwendo mmoja. Ikiwa nene, ina mwili wa kupokea joto, na iko katikati ya diski yenye moto na pistoni kama kizuizi. Ikiwa nyembamba joto hupenya upesi hadi kwenye bamba, kutoka bamba hadi pistoni, na nyuma ya pistoni kuna mafuta ya breki. Mafuta hayo yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, kwa hiyo kanyagio linazama hadi sakafuni na gari haliambiwi kitu. Milimita moja ya mwisho kwenye pedi inalika haraka kuliko ile ya kwanza, na hatari yake ni kubwa kuliko kulika kwenyewe. Kwa sababu hiyo kanuni ya Fundi ni kwamba gari lisiingie sakiti likiwa na pedi chini ya nusu ya unene wa upya. Hizi zilianza na milimita 11. Nusu yake ni tano na nusu, na ncha zote mbili za pedi ya kulia ndani zilikuwa chini ya hapo. Pedi tatu zilikuwa zimefaulu, moja imeanguka, nazo hubadilishwa ekseli nzima kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande breki zikishikwa.

"Zinatoka," akasema. Ilikuwa imepita karibu saa mbili tangu magurudumu yatoke.

Kijana, kwa kuwa sasa alikuwa amepata hofu, alitaka na za nyuma zibadilishwe. Fundi hakumkatalia kwa mdomo. Alihamisha jeki, akafungua nyuma, akapima kwa utaratibu ule ule, ncha mbili kila pedi. Zote nne zilikuwa kati ya 7.4 na 7.6, zimelika sawa, pini zinateleza. Breki za nyuma hufanya sehemu ndogo ya kazi, na pedi zake zikiwa mpya hazizidi sana milimita tisa. "Hizi zitaenda na kurudi," alisema, akazirudisha kila moja mahali pake. Angeweza kumuuzia seti nzima na kijana angeshukuru.

Kilichobaki kuamuliwa ni pedi gani iingie. Ziko pedi za mashindano halisi, ambazo hushika vizuri kwenye joto ambalo la barabarani limeshakata tamaa. Asubuhi zikiwa baridi hushika kwa uvivu, hupiga mayowe kwenye kila taa za barabarani, na huila diski. Kwa gari linalobebwa kwenye lori hadi sakiti ni sawa. Kwa mtu anayeenda na gari lake na kurudi nalo, breki ya saa kumi na mbili asubuhi pale mzunguko wa barabara ina uzito sawa na breki ya kona ya mwisho. Fundi alichagua daraja la kati, lililotengenezwa kwa barabara na kasi.

Boksi lilipoletwa kutoka dukani hakuliamini kwa sababu ya boksi. Alisoma maandishi yaliyopigwa kwenye pedi yenyewe. Nyingi huwa na herufi mbili zinazoeleza msuguano, ya kwanza kwa joto la kawaida na ya pili kwa joto kubwa: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F kati ya 0.35 na 0.45, G kati ya 0.45 na 0.55. Herufi ya pili ikiwa chini ya ya kwanza, pedi inachoka ikipata moto. Hizi zilikuwa na G mbili. Alilinganisha maandishi ya pedi zote nne, akapima unene wa kila moja, akaziweka juu ya zile kuukuu kuona masikio ya bamba yanafanana. Bidhaa bandia ni nyingi sokoni, na mara nyingi hujifichua hapo: herufi zilizofifia, kingo zisizonyooka, pedi nne zenye unene wa aina tatu.

Kisha akauliza swali la mwisho. "Mafuta ya breki yalibadilishwa lini?" Kijana hakujua. "Basi ni leo."

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kidogo kidogo, hata gari likiwa limeegeshwa. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji ya asilimia 3.7 kinachodaiwa ni nyuzi 155 tu. Tofauti hiyo ya nyuzi 75 haionekani kwa macho wala haisikiki mguuni mtu akiwa kwenye foleni ya Mombasa Road. Inaonekana mara moja tu, kwenye kipindi cha tatu au cha nne, mwisho wa mstari mrefu.

Kazi ya mikono, iliposubiriwa vya kutosha, ilikwenda bila haraka na bila kusita. Fundi alifyonza mafuta kidogo kutoka kwenye chupa ya breki kwa bomba la sindano, kwa kuwa pistoni zikirudishwa nyuma mafuta hupanda, na yakimwagika huila rangi ya gari. Aliweka pedi kuukuu juu ya pistoni na kuzirudisha kwa klampu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, akitazama mpira wa vumbi usikunjike. Vibati vya chuma ambamo masikio ya pedi hukaa vilisuguliwa kwa brashi ya waya, vikapakwa grisi nyembamba ya kustahimili joto. Pedi ziliingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Pedi inayohitaji nyundo, alisema, itahitaji nyundo kutoka pia, na ikiwa kazini hakuna nyundo.

Kutoa hewa kulifanywa gurudumu kwa gurudumu, kwa mpangilio wa kitabu cha gari. Mwanagenzi ndani, Fundi chini na mrija mwangavu uliozama kwenye chupa. "Kanyaga. Shikilia." Nati inafunguliwa kidogo, mafuta ya rangi ya chai yanapita, nati inafungwa. "Achia." Na tena, mpaka mafuta yanayopita kwenye mrija yakawa meupe na mapovu yakakoma. Baada ya hapo aliendelea mara tatu zaidi. Magurudumu yakarudi, nati zikakazwa kwa msalaba, na za mwisho zikakazwa gari likiwa chini kwa spana ya toki iliyowekwa kwenye nyutonimita 100.

Gari lilikuwa tayari, pedi hazikuwa tayari. Pedi mpya lazima iachie tabaka jembamba la nyenzo yake juu ya diski, sawasawa pande zote, ndipo ishike inavyopaswa. Fundi alimwandikia kijana kwenye kipande cha karatasi: barabara tupu, asubuhi mapema, kutoka 80 hadi 20 kwa breki ya nguvu ya wastani, mara nane hadi kumi, bila kusimama kabisa. Halafu mwendo wa dakika kumi bila kugusa breki ikiwezekana. Akisimama na breki za moto huku mguu uko kwenye kanyagio, pedi itabandika nyenzo mahali pamoja, na gari litatetemeka kila akishika breki. Chini yake akaongeza maagizo ya Jumamosi. Mzunguko wa kwanza polepole, wa mwisho polepole. Ukiegesha, weka gia na jiwe chini ya tairi, usivute hendibreki. Pima baada ya kila kipindi, pedi ya ndani, si ya nje. Ukikuta sita, siku imeisha.

Pedi kuukuu zilifungwa kwenye mfuko, kila moja ikiwa imeandikwa kwa chaki mahali ilipotoka. Kijana aliuliza za nini. Tatu kati yake bado ni nzima, Fundi alimwambia, na mwanagenzi anahitaji za kujifunzia kupima.

Kabla kijana hajaondoka iliingia Probox ya kusambaza mikate, dereva wake akitaka breki za mbele zitazamwe upesi kwa kuwa mzigo unasubiriwa Jogoo Road. Fundi hakuharakisha wala hakuchelewesha. Jeki, stendi, maikromita, kalipa juu, pedi kwenye gazeti, vernia kwenye ncha mbili. Mwanagenzi aliandika namba na kusita, kwa sababu ndogo kuliko zote ilikuwa 4.6, pungufu ya ile iliyomtoa jasho kijana wa Subaru. Fundi alizitazama zote nane. Zilikuwa kati ya 4.6 na 4.9, zimelika sawa ndani na nje, juu na chini. Pini ziliteleza. Migongo ya bamba ilikuwa na rangi yake. Gari hili, mwenye nalo alisema, halijawahi kupita 80 na mikate ndani.

"Bado," Fundi akasema, akairudisha pedi ya kwanza. "Rudi ukimaliza kilomita elfu tano, tupime tena." Alimtoza dereva bei ya grisi, akamwambia mwanagenzi aandike kilomita za leo.